«Gari safi» ya kwao, maji machafu ya kwetu



Gari ya umeme inauzwa Ulaya kwa jina la gari safi. Sisi vijana tunauliza: safi kwa nani?

Usine inayotengeneza magari inachafua maji mengi: ya kuosha mabati, ya kutoa mafuta, ya kuweka fosfati na zinki mbele ya rangi. Kule sheria haiwaachi wayamwage mtoni hivi hivi. Kwanza wanatoa metali na mafuta kwa dawa, kisha maji yanaingia katika beseni la bakteria. Wanapuliza hewa, vile vidudu vinakula uchafu ulioyeyuka, vinakuwa matope, yanashuka chini. Metali ikipita nyingi, bakteria wanakufa na kosa linaonekana. Inspekta wa namna hiyo hanunuliki kwa bahasha!

Sasa mukuje Kolwezi, Likasi, Lubumbashi. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka kwetu. Usine nyingi zinaiyeyusha kwa asidi ya sulfuriki, na maji yanayobaki yana asidi, sulfati na metali. Yakiponyoka, ni mto njo unapokea. Mama analima lengalenga pale pembeni, jioni tunakulia bukari. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven waliandika kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na mausine ya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo. Watoto pia.

Wanatujibu eti hiyo teknolojia haiwezekani kwa maji ya migodi. Bongo! Kule Budel, Uholanzi, usine ya zinki imetumia bakteria wengine tangu 1992 kusafisha maji ya chini ya ardhi yaliyojaa zinki na sulfati. Hawa hata hewa hawataki. Wanageuza sulfati kuwa sulfidi, sulfidi inakamata zinki, na zinki inarudi usineni. Kobalti na shaba pia vinakamatwa na sulfidi. Njo kusema wakubwa wanamwaga faranga zao wenyewe pamoja na afya yetu.

Hatusemi bakteria wanatosha peke yao. Wanataka chakula, asidi ipunguzwe kwanza kwa chokaa, matope yatunzwe vizuri. Lakini mawe ya chokaa yako Kakontwe, palepale Likasi, na baridi ya Uholanzi hatuna.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuishi mahali penye afya. Basi Waziri wa Migodi na mwenzake wa Mazingira watuambie: usine gani inasafisha maji yake, kwa njia gani, na vipimo vya kila mwezi viko wapi? Vibandikwe kwenye komini, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Usine isiyoonyesha vipimo, ifungwe mpaka ivionyeshe. Na wanaonunua kobalti yetu huko Asia na Ulaya, waombe vipimo hivyohivyo kabla ya kulipa.