Ushahidi Uingie Darasani: Ilani ya Wafundishao na Wafundishwao Sayansi na Uhandisi

Sisi ni wahadhiri, wakufunzi wasaidizi, mafundi sanifu wa maabara na wanafunzi wa shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya utafiti vya Tanzania. Tunafundisha na kufundishwa fizikia, kemia, biolojia, hisabati na uhandisi. Leo tunaanzisha harakati yenye dai moja: chuo kinachodai ushahidi maabarani kidai ushahidi huohuo darasani.

Hakuna mtafiti anayeweza kupeleka makala kwenye jarida akadai kuwa dawa inaponya kwa sababu wagonjwa walionekana kuridhika. Ataulizwa: umepima nini? Umelinganisha na nini? Mtafiti huyohuyo akiingia ukumbini kufundisha mamia ya wanafunzi, hakuna anayemuuliza lolote. Anaweza kurudia slaidi zilezile mwaka hadi mwaka, na darasa likifeli tukasema vijana wa siku hizi hawasomi. Huo si utaratibu wa kisayansi. Ni mazoea.

TUNACHOKIONA

Tunaona mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amesimama mlangoni kwa kukosa kiti, akinakili asichokielewa. Tunaona maandalizi ya mtihani yakigeuka kuwa msako wa desa, yaani notisi za kukariri. Anayekariri desa si mvivu. Ameuelewa mfumo, amejua kinachopewa alama. Tunaona majaribio ya maabara ambayo jibu lake limeshaandikwa kwenye mwongozo kabla mita haijawashwa, na ndiyo maana data zinapikwa. Tunaona vijana wenye akili wakipata sapu (mitihani ya marudio), wakikeri masomo (kuyabeba hadi mwaka unaofuata), hatimaye wakidisko (kuondolewa chuoni), na mkopo wa Bodi ya Mikopo ukibaki deni lisilo na shahada.

Tunaona pia upande wa mwalimu. Anapanda kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, kisha hadi profesa, kwa nguvu ya machapisho yake. Anayekesha akitunga maswali mazuri ya darasani anachelewa kupanda kuliko mwenzake anayekesha akiandika makala. Hatumlaumu mtu kwa kufuata njia anayotuzwa kwa kuifuata. Tunataka tuzo ihamie pia kwenye kazi ya kufundisha.

TUNACHOKIJUA

Swali la kupima uelewa wa dhana halihitaji kikokotoo. Lori la mchanga limegongana na bajaji: ni kipi kati ya hivyo viwili kilichopata kani kubwa zaidi? Kanuni ya tatu ya Newton inasema kani ni sawa. Wengi walioikariri kanuni hiyo, wakaiandika vizuri kwenye mtihani, bado hujibu kwamba ni bajaji.

Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio la maswali ya aina hii. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, aliwapa wanafunzi wake maswali kama hayo, na mmoja wao akamuuliza kama ajibu alivyofundishwa au anavyofikiri mwenyewe. Mazur alibadilisha mhadhara. Alianza kuukatisha kwa swali: kila mwanafunzi achague jibu, abishane na jirani yake, kisha achague tena.

Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi 6,542 wa fizikia katika kozi 62. Waliofundishwa kwa njia shirikishi walipiga hatua karibu mara mbili ya waliosikiliza mihadhara tu. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichambua tafiti 225 za sayansi, hisabati na uhandisi: waliofeli katika madarasa ya mihadhara walikuwa wastani wa asilimia 33.8, na katika madarasa shirikishi asilimia 21.8. Lau tofauti hiyo ingeonekana kati ya dawa mbili, hakuna hospitali ambayo ingeendelea kutoa ile dhaifu.

TUTAKAYOAMBIWA

Tutaambiwa madarasa yetu ni makubwa mno. Mwaka 2011 matokeo ya jaribio lililofanyika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, yalichapishwa. Makundi mawili ya fizikia, kila moja likiwa na takriban wanafunzi 270, yalifundishwa mada moja kwa wiki moja. Moja lilikuwa na mhadhiri mzoefu aliyehutubia. Jingine lilikuwa na walimu wasio na uzoefu mkubwa, waliotumia maswali na majadiliano. Kwenye jaribio la mwisho kundi la kwanza lilipata wastani wa asilimia 41, la pili 74. Madarasa yetu yanaweza kuwa makubwa kuliko hayo, lakini kadi nne za rangi mkononi mwa kila mwanafunzi zinatosha kuonyesha jibu alilochagua. Hatusubiri vifaa vya kielektroniki.

Tutaambiwa wanafunzi wenyewe hawapendi. Ni kweli kwamba kujifunza kwa kufikiri kunachosha. Utafiti wa Harvard uliochapishwa mwaka 2019 uligundua kuwa wanafunzi wa madarasa shirikishi walijifunza zaidi huku wakihisi wamejifunza kidogo. Ndiyo maana fomu za tathmini zinazojazwa mwisho wa muhula haziwezi kuwa kipimo pekee cha mwalimu, na ndiyo maana mwalimu anapaswa kuwaeleza wanafunzi tangu wiki ya kwanza kwa nini anafundisha anavyofundisha.

Tutaambiwa mtaala hautaisha. Tunajibu: mada aliyoimaliza mwalimu bila mwanafunzi kuielewa haijaisha. Tunapendelea mada nane zilizoeleweka kuliko kumi na nne zilizopitiwa.

TUNACHORITHI

Kuuliza na kupima si jambo la kuazima ughaibuni. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu, aliona maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Aliuliza, akachekwa. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa ameitembelea shule yao. Akachekwa tena na wenzake. Osborne alirudi chuoni, akampa fundi wa maabara kazi ya kulipima jambo hilo. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha pamoja katika jarida la Physics Education, na wanafizikia wanalijadili swali la Mpemba hadi leo.

Kuuliza si ujinga. Osborne hakujua jibu, wala hakujifanya kulijua. Alilichukua swali la kijana, akalipima. Hiyo ndiyo kazi ya chuo kikuu cha utafiti, na tunataka iwe desturi katika kila kozi.

TUNAYODAI

1. Ufundishaji wa mwalimu uhesabiwe katika kupanda cheo, na uhesabiwe kwa ushahidi: matokeo ya jaribio la dhana mwanzoni na mwishoni mwa muhula, ukaguzi wa wenzake waliokaa darasani, na ubora wa mitihani aliyoitunga.

2. Kozi za msingi ziwe za idara, si za mtu. Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001, alipoongoza mageuzi katika vyuo vikuu vya Colorado na British Columbia, fedha zilielekezwa kwenye idara, zikaajiri wataalamu wa somo husika wa kukaa na wahadhiri na kupanga upya kozi. Kilichojengwa na idara hakiondoki mwalimu mmoja anapohama.

3. Mwaka wa kwanza upewe walimu hodari kuliko wote, na kila mkufunzi msaidizi afundwe kufundisha kabla ya kukabidhiwa semina.

4. Kila kozi ya maabara iwe na angalau jaribio moja lisilo na jibu kwenye mwongozo. Wanafunzi wa uhandisi wakutane na matatizo halisi tangu mwaka wa kwanza. Kwa mfano, floraidi kwenye maji ya miteremko ya Mlima Meru inaharibu meno na mifupa ya watu. Kuna watafiti wetu wanaohangaika nayo, na vijana wetu wanaweza kuanza kuwasaidia mapema.

5. Mitihani itoe alama kwa maelezo ya dhana, kiasi kwamba desa peke yake lisimvushe mtu.

6. Wanafunzi wajadiliane kwa Kiswahili darasani pasipo kukemewa. Kiingereza kitabaki lugha ya vitabu na mitihani, lakini aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili asizuiwe kubishana kuhusu kani na nishati kwa lugha anayofikiria.

7. Kati ya mwaka 1963 na 1970 vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vilikuwa chini ya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Idara za sayansi na uhandisi za vyuo hivi zishirikiane tena, zijenge hazina moja ya maswali ya dhana iliyo wazi kwa kila mwalimu wa kanda hii.

TUNAYOAHIDI

Hatuwaachii viongozi kazi yote. Wahadhiri miongoni mwetu tunaahidi kufungua milango ya madarasa yetu: mwenzetu yeyote aje, akae, aandike alichokiona. Mafundi sanifu tunaahidi kushika nafasi yetu kama walimu wa maabara, kwa maana wengi waliojifunza kupima walijifunzia mikononi mwetu. Wanafunzi tunaahidi kuja tumesoma, kujibu hata tukiwa na mashaka, na kutomcheka anayeuliza. Sote tunaahidi kutangaza matokeo yetu yawe mazuri au mabaya, maana njia iliyofaulu Colorado au British Columbia haina budi kujithibitisha upya Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya.

Tunaanza muhula ujao. Kila anayejiunga nasi achague kozi moja. Wiki ya kwanza awape wanafunzi jaribio la dhana lisilo na alama. Katika kila kipindi akatishe mhadhara kwa swali moja angalau na kuwaacha wabishane. Wiki ya mwisho arudie jaribio lile, kisha alete namba zote mbili kwenye kikao cha idara yake, aziweke mezani mbele ya wenzake, na aombe zijadiliwe kama matokeo mengine yoyote ya utafiti.