Urafiki wa Chuoni na Posa ya Halali

Mzazi mmoja wa hapa Itigi ametuuliza. Binti yake amerejea kutoka masomoni Dodoma, na kijana aliyesoma naye ataka kuleta posa. Baba amekasirika. Hana neno juu ya dini ya kijana wala tabia yake. Kosa analoliona ni moja tu, kwamba wawili hao wamejuana chuoni kabla ya wazee kujuana. Nasi twadhani alitaraji tumwunge mkono.

Swali hili si la nyumba moja. Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kilifunguliwa mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007, na watoto wetu waendao huko ni wengi, wake kwa waume. Husoma darasa moja, huulizana masomo, hujuana. Hilo hatuwezi kulizuia. Lililo juu yetu ni kuwafundisha namna ya kujuana.

Natumtazame Bibi Khadija (R.A.). Yeye alimjua Mtume wetu (S.A.W.) kwa kazi kabla ya kumjua kwa ndoa. Alimpa mali yake aende nayo Sham kufanya biashara, akamfuatisha mtumishi wake Maisara. Maisara aliporudi alieleza aliyoyaona njiani, ukweli wa kijana yule na uaminifu wake. Ndipo Bibi Khadija akamtuma Nafisa binti Munya kwenda kupeleleza nia, kisha posa ikapita kwa wazee, mbele ya watu. Kujuana kulitangulia, lakini kulikuwa kwa kazi ya wazi, na shahidi alikuwako. Ndoa ile ilidumu miaka 25. Na baada ya Bibi Khadija kufariki, mwaka 619, Mtume hakuacha kumkumbuka. Alipochinja mnyama hupeleka nyama kwa mashoga zake.

Basi hatuwaulizi vijana wetu, "Mlijuana wapi?" Twawauliza, "Maisara wenu ni nani?" Yaani ni nani aliyekuwa pamoja nanyi, awezaye kusimama mbele ya wazee akasema aliyoyaona?

Twawajua mume na mke wa hapa kwetu, walimu wastaafu, waliojuana katika chuo cha ualimu katika miaka ya 1970, wakati serikali ilipokuwa ikitafuta walimu wengi kwa ajili ya elimu ya msingi kwa wote. Walipohitimu wakapangiwa shule za mbali mbali. Kijana hakumwandikia binti. Alimwandikia baba yake, akimsalimu na kumwuliza hali, na mwisho wa barua akaweka salamu mbili tatu kwa "mwalimu mwenzangu". Mzee yule alizisoma barua zile mwaka mzima, hata posa ilipofika alikwisha kumjua mkwewe kwa mwandiko. (Tulicheka tuliposimuliwa.)

Mtihani ulikuja baada ya nikaha. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipita, sukari na sabuni zikawa adimu, na watoto walikuwa wadogo. Mke akaugua muda mrefu. Mume akawa akisonga ugali alfajiri, akiogesha watoto, kisha akienda darasani. Bibi huyo alituambia kwamba chuoni alimpenda kwa kuwa alijua hesabu. Walakini siku alipomwona akifua nepi uani, majirani wakitazama naye asione haya, ndipo alipompenda kweli. Hata leo huitana "Mwalimu".

Katika Sura ya Rum, aya ya 21, Mwenyezi Mungu ametaja mambo mawili aliyoyatia baina ya mume na mke: mapenzi, na rehema. La kwanza laweza kuanza kuchipua chuoni. La pili halina darasa illa nyumbani, penye maradhi na uchache wa riziki.

Kwa baba huyu twasema hivi. Al-Mughira bin Shu'ba alipotaka kuoa, Mtume alimwambia akamtazame kwanza yule mwanamke, kwani hilo lafaa zaidi katika kudumisha mapatano yao. Na Khansa binti Khidam, mjane aliyeozwa na baba yake pasi na ridhaa yake, Mtume aliivunja ndoa yake. Sheria ya Ndoa ya nchi yetu, ya mwaka 1971, nayo yataka hiari ya wote wawili. Hasira basi na ikae kando, iulizwe hali ya kijana: sala yake, rafiki zake, ulimi wake anapoghadhibika. Imamu wa msikiti anaosali aweza kujibu mengi.

Na vijana nao wasifurahi mapema. Urafiki unaofichwa miaka mitatu kwa kisingizio cha "tumalize masomo kwanza" sio tunaousifu. Aliye tayari na alete wazee. Asiye tayari na aache. Mpaka nikaha ifungwe hapana faragha, na simu ya usiku wa manane nayo ni faragha, ijapokuwa mmoja yuko Itigi na mwenziwe Morogoro.

Limebaki la mahari. Tumesikia kwamba wajomba wamekwisha kutaja hesabu kubwa, kwa kuwa binti amesoma. Wakumbuke kwamba kijana naye ametoka chuoni karibuni, na mara nyingi atokaye huko hana kitu mkononi illa cheti, na deni la mkopo aliosomea.