Kitufe ni cha mchezaji, mtambo ni wa nani?

KWA miaka mingi, katika michezo mingi ya video, kitufe kilikuwa mali ya mtengenezaji; mchezaji alibonyeza tu. Mwaka 2008 kampuni ya Media Molecule ya Uingereza ilikwenda kinyume na desturi hiyo kwa mchezo wa LittleBigPlanet, uliotolewa na Sony kwa ajili ya PlayStation 3. Humo mchezaji aliweza kuweka kitufe chake, akakiunganisha kwa waya na mota au winchi, na lifti aliyoibuni ikatii.

Kufikia mwaka 2016, wachezaji walikuwa wamechapisha zaidi ya hatua milioni 10 walizozibuni wenyewe.

Lakini kazi hizo zilitunzwa katika seva za kampuni. Za PlayStation 3 zilizimwa mwaka 2021, na za PlayStation 4 zikafuata mwaka 2024. Ambacho mchezaji hakukihifadhi kwenye mashine yake, hakipatikani tena kwa njia rasmi.

Hapo ndipo penye hoja. Kampuni inayomkabidhi mteja nyenzo za kubuni hunufaika na jasho lake. Basi impe pia nakala ya mtambo alioujenga, kabla ya seva kuzimwa. Vinginevyo, kitufe cha mwisho hubaki mkononi mwa mwenye seva.