KIKOHOZI CHA MCHIMBAJI SI UZEE



Kuna neno moja ambalo leo tunataka kulipinga wazi wazi. Ni lile linalosikika kambini kila mara: kwamba mtu aliyefanya kazi ya mgodi miaka 20 lazima akohoe, na akichoka kupanda ngazi ni uzee unaingia. Wengine wanaongeza kwamba amelogwa na mwenzake aliyetamani cheo chake. Sisi tunasema hapana. Uzee hauleti makohozi kila asubuhi. Kikohozi hicho ni ugonjwa, una jina, na unaweza kupimwa. Anayeuficha anaupa nafasi ya kukua.

Katika karatasi za lopitali utaona herufi nne: BPCO. Maana yake ni ugonjwa wa kudumu unaoziba njia za pumzi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba uliua watu milioni 3,5 katika mwaka 2021, na ni wa nne kati ya magonjwa yanayoua watu wengi duniani. Basi si jambo dogo la kutibu kwa sirop na chai ya tangawizi peke yake.

UGONJWA MMOJA, SURA MBILI

Sura ya kwanza ni bronshiti ya kudumu. Mirija inayopeleka hewa katika mapafu imechomwa na vumbi au moshi siku nyingi. Inavimba ndani, inatoa ute mwingi, na njia inakuwa nyembamba. Wanganga wanaitambua hivi: mtu anakohoa na kutoa makohozi kwa miezi 3 au zaidi katika mwaka, na miaka 2 mfululizo, bila ugonjwa mwingine kuwa sababu yake.

Sura ya pili ni emfizema. Mwisho wa mirija ile kuna vifuko vidogo sana vya hewa, mamia ya milioni, na ndipo damu inapochukua hewa safi. Angalia povu la sabuni: vipovu vidogo vikipasuka vinaungana kuwa kimoja kikubwa. Ndivyo vifuko vinavyoharibika. Pafu linalegea kama mpira wa kaptula uliochakaa, unavutika lakini haurudi. Hewa inaingia, kutoka inashindwa. Mgonjwa wa namna hii pengine hakohoi sana, bali anakosa pumzi na anakonda. Na kifuko kilichopasuka hakirudi tena.

Watu wengi wana sura zote mbili pamoja.

DALILI ZA KUANGALIA

1. Kikohozi cha asubuhi kisichokwisha, pamoja na makohozi.
2. Kifua kinalia kama filimbi, au kinabana.
3. Pumzi inakatika unapopanda mlima, unapobeba ndoo ya maji au gunia la makala.
4. Unatembea na watu wa umri wako kwenye njia iliyo sawa, nao wanakuacha nyuma.
5. Mafua kidogo tu yanashuka kifuani na kukulaza wiki nzima.

Dalili ya 4 ni kipimo kizuri ambacho hakigharimu hata franga moja. Mama, mtazame bwana yako mkitoka kanisani au sokoni. Akisimama mara kwa mara kama anayeangalia vitu vya njiani, kumbe anatafuta pumzi, mwambie aende kwa munganga.

Ugonjwa ukizidi, miguu inavimba na midomo inageuka rangi ya buluu. Na mgonjwa anayejijua akiona makohozi yamebadilika kuwa ya manjano au kijani, au pumzi imepungua ghafula kuliko siku zote, asingoje hata kesho: aende lopitali.

USICHANGANYE MAGONJWA

Pumu inaanza mara nyingi utotoni, inakuja na kuondoka. Kati ya vipindi mtu anapumua vizuri. BPCO inakuja polepole, mara nyingi baada ya miaka 40, nayo haiondoki. Kifua kikuu kinaleta homa, jasho la usiku, kukonda, na pengine damu katika makohozi. Kinaambukiza, lakini kinaponyeshwa kwa dawa. Kwa hiyo kila anayekohoa zaidi ya wiki 2 apimwe makohozi kwanza. Silikosi inatokana na vumbi la mawe yenye kwarzi, nayo inakausha pafu likawa gumu. Mchimbaji anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa pamoja, tena vumbi la kwarzi linafungulia kifua kikuu mlango. Ni munganga anayetenganisha, si jirani.

VUMBI, TUMBAKO NA MBABULA

Tunasikia mabishano. Mwenye kazi anasema: ni sigara zenu. Mfanyakazi anajibu: ni vumbi lenu. Maoni yetu ni kwamba mabishano haya hayasaidii pafu la mtu, kwa sababu vyote viwili ni kweli, na vikiungana vinaharibu zaidi. Huko Uingereza wachimbaji wa makaa ya mawe walibishaniwa hivyo miaka mingi. Ni mwaka 1993 tu serikali yao ilipokubali kuandika bronshiti na emfizema katika magonjwa ya kazi yao. Hatupendi wetu wangoje hivyo.

Vumbi linaloua si lile unaloliona kwenye viatu. Ni lile laini, ambalo chembe yake haifiki sehemu moja ya mia ya milimeta. Linapita puani na kushuka hadi mwisho wa pafu. Kitambaa ulichofunga mdomoni hakilizuii.

Juu ya tumbako: mwaka 1977 watafiti wawili, Fletcher na Peto, walitangaza waliyoyaona kwa wanaume wafanyakazi wa London waliowafuata miaka 8. Nguvu ya pumzi ya wavutaji wengine ilishuka haraka sana. Lakini aliyeacha, mshuko wake ulirudi karibu na ule wa mtu asiyevuta. Kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaokolewa. Basi hakuna umri wa kusema nimechelewa.

Na mbabula? Mama anayepika kila siku ndani ya chumba kilichofungwa anavuta moshi ingawa hajagusa sigara hata siku moja. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zenye mapato madogo moshi wa nyumbani ni sababu kubwa ya ugonjwa huu. Toa mbabula nje au chini ya kibanda kilicho wazi, na watoto wasikae karibu. Usilale nayo ndani hata wakati wa baridi ya mwezi wa sita: gesi yake inaua usiku ule ule.

PIMA PUMZI, SI PICHA TU

Katika ziara ya munganga ya kila mwaka, wengi wanafurahi wakisikia radio ya kifua ni safi. Ni vizuri, lakini haitoshi. BPCO inapoanza, radio inaweza kuwa safi kabisa. Kinachoionyesha ni spirometri: unavuta hewa yote, kisha unapuliza kwa nguvu zako zote katika mashini. Hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ikiwa chini ya 70 kwa mia ya hewa yote uliyopuliza, hata baada ya dawa ya kufungua mirija, njia zimezibana. Tunaomba kila mfanyakazi wa vumbi apulize siku anapoingia kazini, na kila mwaka baadaye, ili hesabu za zamani zilinganishwe na mpya. Vijana nao wapulize, maana pafu linapoteza nguvu kabla mwenyewe hajasikia.

Tuseme sasa neno gumu. Wengi wanaficha kikohozi kwa sababu wanaogopa kupoteza kazi. Wanameza dawa siku mbili mbele ya ziara, wanamwambia munganga kila kitu ni sawa. Hatuwacheki: mtu mwenye watoto 6 anafikiri shule kwanza, pafu baadaye. Ndiyo maana haifai kumhubiria mfanyakazi peke yake. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamwagiza mwajiri kugharimia matibabu ya mfanyakazi na jamaa yake. Sisi tunaongeza: anayesema ukweli mapema ahamishwe mbali na vumbi bila kupunguziwa mshahara. Kompani itabaki na mtu mwenye ujuzi, na wenzake wataona kwamba kusema hakuleti hasara. Pasipo hivyo watu wataendelea kuficha, na mashini ya kupimia italala kabatini.

Na utaratibu wa kujikinga uwe huu: kwanza maji katika mashini ya kutoboa mwamba na katika barabara za malori, pili hewa ipitishwe vizuri chini ya ardhi, tatu kabini za mashini zifungwe. Maski yenye chujio ni ya mwisho, nayo ikae vizuri usoni. Ndevu ndefu zinaiharibu. Usipulize kabisa ovaroli yako kwa hewa ya kompresa, na usiipeleke nyumbani na vumbi lake.

Kwa aliye mgonjwa tayari: dawa za kuvuta zinafungua mirija na kupunguza taabu, ingawa haziponyeshi kabisa. Tembea kila siku kadiri ya nguvu zako. Pumzi ikikatika, vuta hewa puani, kisha itoe polepole katika midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai.

Mshahara unalipa kazi ya mikono yako, haununui mapafu yako. Katika ziara ijayo, munganga akiuliza kama unakohoa, mjibu kweli.