Kernel-Power 41 haimtaji mkosaji

Jamani, wiki mbili kompyuta yangu ya gemu ilikuwa ikizima ghafla mchezo ukinoga. Windows iliandika "Kernel-Power 41" tu. Mimi na digrii yangu nikalaumu programu, nikafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Kazi ya miezi mitatu ikapotea, na mashine ikazima tena!

Ujumbe huo husema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa ipasavyo, sababu hautaji. Nilipoazima pawasaplai nyingine, ikatulia. Yangu ya bei rahisi ilikuwa ikishindwa kadi ya picha inapovuta stima nyingi kwa ghafla.

Kwa hivyo nasema: kagua waya na pawasaplai kwanza, Windows baadaye. Na ukimwaga pesa kwenye kadi, usibane senti kwenye pawasaplai. Cha rahisi ni ghali.