Dawa ya Dunia Isiwe Sumu ya Musonoi

Tunaambiwa kobalti ya Kolwezi itaiponya dunia, kwa kuwa gari la umeme halitoi moshi. Lakini kobalti hiyo hutolewa kwa kuyalowesha mawe yaliyosagwa katika asidi ya salfuriki, na masalio hubaki Lualaba. Ni tiba gani hii, inayosafisha hewa ya mbali na kuhatarisha mto wetu?

Kanuni ya kwanza ya kemia ya kijani, iliyotolewa mwaka 1998, ni kuzuia taka zisizaliwe, si kuzisafisha baadaye. Laudato Si' ya 2015 nayo yatutaka tusikie pamoja kilio cha dunia na kilio cha maskini. Basi tuisome kemia hiyo, tudai asidi na maji vitumike tena kiwandani. Jirani wa mgodi naye ni sehemu ya dunia inayoponywa.