Mbwa na Apewe Mafuta, Ila kwa Kipimo

Katika maduka ya vyakula vya wanyama ya Nairobi na Dar es Salaam, na katika matangazo yanayomfikia kila mwenye simu, mafuta ya samaki yanasifiwa mbele ya wenye mbwa kwa sifa ambazo dawa chache duniani zimewahi kuzistahili: kwamba yanang'arisha manyoya, yanatuliza muwasho, yanalainisha viungo vya mbwa mzee, yanatia moyo nguvu, yanamzidishia mtoto wa mbwa akili, na juu ya yote hayo yanarefusha umri. Mimi si adui wa mafuta hayo, wala simwoni anayeyanunua kuwa mtu wa kuchekwa. Ninalodai ni kwamba yana fadhila yake mahsusi iliyothibitishwa kwa majaribio, na kwamba fadhila hiyo hupotea, au hugeuka dhara, yanapomiminwa katika sahani ya mnyama bila sababu, bila kipimo na bila shauri la daktari wa mifugo.

Watu wa pwani hawakuanza leo kuyajua mafuta ya samaki, kwani mafuta ya papa yamepakwa mbao za majahazi tangu zamani ili zihimili jua na chumvi. Lakini habari ya mafuta ya samaki kuwa dawa ya mwili ina sura yake nyingine, na katika sura hiyo mbwa ana haki ambayo aghalabu haitajwi. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza na mara baada yake, tabibu Mwingereza Edward Mellanby aliwaweka watoto wa mbwa ndani ya nyumba, mbali na mwanga wa jua, akawalisha uji wa oti na vyakula vingine vya kupungukiwa, mpaka mifupa yao ikalegea na miguu ikapinda kwa maradhi ya matege, yale yale yaliyokuwa yakiwalemaza watoto wa maskini katika miji ya viwanda ya Uingereza. Kisha akaonyesha, katika taarifa aliyoitoa mwaka 1919, kwamba mafuta ya ini la chewa wa bahari za kaskazini yaliyazuia maradhi hayo. Yeye alidhani kuwa kinachoponya ni vitamini A, na mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani akabainisha kwamba ni kitu kingine, nacho ndicho tunachokiita leo vitamini D. Watoto wa binadamu wasiohesabika wameepukana na ulemavu kwa elimu iliyopatikana katika mateso ya wanyama wale, na kwa hiyo naona haya ninapowasikia watu wakisema kwamba kuifikiri siha ya mbwa ni anasa ya matajiri. Hata Waislamu wa pwani, ambao kwa madhehebu ya Shafii hukiosha mara saba chombo kilichorambwa na mbwa, wanaijua pia hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, naye akaghufiriwa kwa tendo hilo.

Basi ni lipi lililothibiti? Mafuta yanayouzwa kwa mbwa siku hizi aghalabu si yale ya ini, bali ni yale yanayokamuliwa katika miili ya samaki wenye shahamu nyingi, na kilicho adhimu ndani yake ni asidi mbili za jamii ya omega-3, ziitwazo kwa kifupi EPA na DHA, ambazo hupunguza ukali wa uvimbe mwilini. Mwaka 2010 zilichapishwa Marekani habari za mbwa 127 wenye maradhi ya kulika kwa viungo, waliofuatiliwa katika zahanati 18 za wanyama, baadhi yao wakila chakula cha kawaida na baadhi chakula kilichotiwa omega-3 kwa wingi. Na baada ya wiki 6 wale wa omega-3 walikuwa wakiinuka kwa wepesi zaidi kutoka mahali walipolala, na ilipofika wiki ya 12 mwendo wao ulikuwa bora kuliko wa wenzao. Katika jaribio jingine la mwaka huo huo, mbwa waliokula chakula cha namna hiyo waliweza kupunguziwa dawa ya maumivu upesi zaidi kuliko wasiokila. Haya si mambo madogo kwa mwenye mbwa mzee anayemwona kila asubuhi akijikongoja. Baadhi ya mbwa wenye mzio wa ngozi nao hupata nafuu, na DHA inahitajika kwa ubongo na macho ya mtoto wa mbwa anayekua. Madai ya kurefusha umri na tuyaache mlangoni, kwani ushahidi wake haujaletwa.

Lakini kipimo ndicho kiini cha jambo hili, na ndicho kinachosahauliwa. Kwa kadiri iliyowekwa na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani mwaka 2006, mbwa wa kilo 20 asizidishiwe miligramu 3,500 hivi za EPA na DHA kwa siku, na kipimo ambacho madaktari wa wanyama hukitumia kwa maradhi ya viungo kinaukaribia mno mpaka huo, yaani miligramu 2,900 hivi. Kapsuli ya kawaida ya dukani, iliyoandikwa miligramu 1,000 kwa herufi kubwa, huwa na miligramu 300 tu za asidi hizo mbili, na iliyobaki ni mafuta mengine. Kwa hiyo anayempa mbwa wa kilo 20 kapsuli moja kwa siku akitumaini kumponya miguu anajifariji bure, ilhali anayetaka kukifikia kipimo cha dawa atahitaji kapsuli karibu 10, ambazo peke yake zina kalori 90, takribani sehemu moja katika kumi ya chakula cha kutwa cha mbwa asiyekuwa na kazi nyingi. Asipopunguziwa chakula kingine atanenepa, na unene ndio hasimu mkubwa wa viungo vile vile vinavyotibiwa.

Zaidi ya unene, wingi wa mafuta huleta kuharisha na kutapika, huweza kuidhuru kongosho, huichelewesha damu kuganda na vidonda kupona. Ndiyo sababu daktari anayetaka kumpasua mbwa hana budi kuambiwa kwamba mnyama huyo anapewa mafuta ya samaki. Mafuta ya ini yanahitaji hadhari kubwa zaidi, kwani vitamini A na D zilizomo hujilimbikiza mwilini, na D ikizidi huharibu figo. Tena mafuta haya ni mepesi wa kuharibika kwa joto, mwanga na hewa, na chupa iliyokaa miezi katika rafu ya duka la mji wa joto, ikifunguliwa ikanuka uvundo, haifai kupewa mnyama yeyote.

Ajabu ni kwamba wengi wetu tumekuwa tukiwapa mbwa omega-3 bila kuijua jina, maana ugali uliochanganywa na dagaa wa Ziwa Victoria au wa Tanganyika ni chakula cha mbwa wa nyumba nyingi, na dagaa wakiwa wazima na wasio na chumvi wanazo EPA na DHA, ijapokuwa kuanikwa juani hupunguza sehemu yake. Mafuta ya nazi hayawezi kushika nafasi yao, kwani karibu hayana omega-3 kabisa. Na mafuta ya kitani, ingawa yana omega-3 ya mimea, mwili wa mbwa hugeuza kidogo tu kuwa EPA na DHA.

Nami siwezi kuzungumza juu ya fedha anazotumiwa mbwa nikanyamaza juu ya kichaa cha mbwa, kinachokadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao wa Afrika na Asia, na wengi wakiwa watoto, ilhali kuchanjwa kwa mbwa 70 katika kila 100 kunatosha kuukata mnyororo wa maambukizo. Kisiwani Pemba ugonjwa huo uliondolewa kwa chanjo, na uliporudi kutoka nje ukaondolewa tena kwa chanjo hizo hizo. Mbwa asiyechanjwa, mwenye minyoo tumboni na kupe masikioni, akimiminiwa mafuta ya thamani kubwa ili manyoya yang'are, hajatendewa ihsani iliyo kamili.

Ewe msomaji uliye na mbwa, kama mnyama wako ni mzee na viungo vinamuuma, mpeleke kwa daktari wa mifugo, umweleze uzito wake na dawa anazotumia, kisha usome katika chupa ni miligramu ngapi za EPA na DHA zilizomo kabla ya kuinunua. Na kama bado hajachanjwa kichaa cha mbwa, mchanje kwanza.